Kamera ikiwa kwenye stendi, zima swichi ya mtikisiko

Mhariri,

Naomba nafasi nirekebishe jambo moja katika makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu kupiga picha za mandhari. Mwandishi aliwashauri wasomaji waache swichi ya kutuliza mtikisiko ikiwa imewashwa wakati wote, hata kamera ikiwa kwenye stendi ya miguu mitatu. Kufanya hivyo kulinipotezea usiku mzima, na sipendi mwingine apotezewe wake.

Mimi ni mpiga picha hapa Mwanga, Kigoma. Kazi ya kila siku ni paspoti, harusi na mahafali, lakini kinachoniamsha usiku ni ziwa. Mwaka jana, giza la mwezi, mitumbwi ya dagaa ilipowasha taa hadi Ziwa Tanganyika likaonekana kama mji, nilipanda mawe ya Bangwe na stendi yangu. Upepo haukuwepo. Nilifungua shata, yaani kipazia kinachoruhusu mwanga kuingia kwenye kamera, sekunde 20, nikarudia na kurudia hadi saa tisa. Kwenye kioo cha kamera picha zilionekana safi. Nyumbani, kwenye kompyuta, nilikaribia kulia. Taa za mitumbwi kucheza ningeelewa, maana mtumbwi unaelea. Lakini taa za mjini, zilizo kwenye nguzo zake, nazo zilikuwa na mikia, na jiwe la mbele yangu lilikuwa na kingo mbili.

Nililaumu stendi. Safari iliyofuata niliining'inizia mfuko wa mchanga, nikatumia taima ya sekunde 2 ili kidole kisiguse kamera. Mikia ikabaki. Nilipozima ile swichi ndogo ubavuni mwa lenzi, ikakoma.

Ndani ya lenzi kuna vifaa vinavyopima mtikisiko, na kipande cha kioo kinachosogezwa kinyume na mkono unavyotikisika. Kamera nyingine husogeza sensa yenyewe, yaani kile kipande kinachonasa picha. Yote hayo yalibuniwa kwa ajili ya mkono wa mtu. Kamera ikishatulia, baadhi ya mifumo huhisi mtetemo wake yenyewe na kuanza kuurekebisha, na shata ikikaa wazi muda mrefu kioo huhama polepole. Canon walipotoa lenzi ya 75-300 mm yenye kitulizi mwaka 1995, ilitakiwa izimwe kwenye stendi. Mwaka 1999 ndipo lenzi zao kubwa zilipoanza kutambua stendi zenyewe. Huenda mwandishi wenu anatumia vifaa vya namna hiyo. Sisi wengi huku tunanunua mtumba, bila kijitabu cha maelezo, na aliyeniuzia mimi hakunidokeza lolote.

Zipo nyakati za kuiwasha. Upepo wa ziwani ukitikisa stendi yenyewe, kitulizi kinaweza kusaidia; piga mbili, moja imewashwa na moja imezimwa, kisha zikuze uzilinganishe palepale. Kwenye boti mimi stendi siiweki kabisa. Nashika kamera mkononi, swichi nawasha, na mwili wangu unameza mtetemo wa injini.

Naomba marekebisho haya yatoke kabla ya giza la mwezi lijalo. Vijana wawili niliowafundisha wameshaniambia wanakwenda Katonga kupiga taa za dagaa, na makala yenu wameisoma.

Mpiga picha,
Mwanga, Kigoma