Barua ya wazi kwa Waziri wa Kampala: sisi tunaotembea kwa miguu tunapita wapi?

Mheshimiwa Waziri wa Kampala na Masuala ya Jiji,

Salamu nyingi kutoka Katwe. Najua una kazi nyingi lakini hili naomba ulisome mpaka mwisho, maana kila tukiongea habari ya barabara za Kampala tunaishia kuongea habari ya magari tu, jamu ya magari, flaiova ya magari, lami ya magari, na wengi wetu hapa jijini hatuna gari, tunatembea. Njoo asubuhi mapema usimame pale raundabauti ya Kibuye uangalie watu wanavyoshuka kwenda tauni, wanafunzi, mafundi, wamama wa sokoni na mizigo kichwani, ni mto wa watu, na hao wote hawana njia.

Nikuelezee huku kwetu. Mafundi wa chuma wa Katwe wametandaza mageti na sigiri mpaka kwenye ukingo wa lami, siwalaumu, pa kufanyia kazi pengine hawana. Mbele kidogo kuna mtaro uko wazi, mfuniko ulivunjika watu wakaweka ubao, na mvua kubwa ikinyesha maji yanaondoka na ule ubao, halafu hata huoni mtaro unaanzia wapi. Ukishauvuka unakuta boda zimejipanga, hiyo ndiyo steji yao. Sasa mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine anamshika mkono apite wapi? Anashuka barabarani, teksi inampigia honi kwa nyuma kama yeye ndiye mwenye makosa. Na mtu wa kiti cha magurudumu ndiyo hata usiulize, huyo anabaki nyumbani.

Mheshimiwa, pesa zipo zimetumika. Ekspresswei ya Entebbe ilifunguliwa 2018, kilomita 51, na ni barabara nzuri sijakataa, tangu 2022 watu wanailipia, lakini ukitoka tu pale Busega unarudi kwenye jamu ileile, kwa sababu barabara ikipanuliwa magari nayo yanaongezeka yanaijaza. Nothani Baipasi nayo tumeipanua. Mtu mmoja peke yake kwenye gari anakula nafasi ambayo wangesimama watu kibao, sasa hata tukibomoa nusu ya Kampala kutafuta nafasi ya magari hatutaipata, jiji lenyewe limekaa kwenye vilima na mabonde ya maji, hayo mabonde ndiyo tunajaza udongo tunajenga, halafu Bwaise ikifurika tunashangaa.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba dawa tunayo tayari, ilishajaribiwa. Namirembe Road mpaka Luwum Street palitengenezwa kwa ajili ya watu wa miguu na wa baiskeli, wakaweka vigae, njia ikawa pana, mtu anatembea bila kuangalia nyuma kila saa. Hiyo ilikuwa ya majaribio, sawa, lakini majaribio hayawezi kuwa ya maisha! Mbona isiendelee, ishuke mpaka Kloku Tawa, ifike Katwe, Nsambya, Kibuli, na upande ule Wandegeya mpaka Kalerwe? Angalia wenzetu Dar, mwendokasi wao ulianza 2016 na pembeni ya zile barabara za mabasi waliweka njia za miguu na za baiskeli, maana hata abiria wa basi anaanza safari kwa miguu. Sisi habari ya mabasi makubwa tunaisikia miaka na miaka, na yakija leo bila njia ya miguu abiria atayafikia kwa kuruka mitaro.

Jambo lingine, tafadhali msianze kwa kufukuza wachuuzi. 2022 waliondolewa barabarani, tukaona, lakini mchuuzi anafuata watu, na mahali watu wanapita ndipo riziki yake ilipo. Wachorewe nafasi yao palepale pembeni, na boda nazo zipewe steji zenye alama, halafu mwenye kupanda njia ya miguu na pikipiki ndiyo akamatwe. Na miti jamani, tukipanua barabara tunakata miti, tunabaki na jua la saa saba hakuna pa kusimama, pandeni miti kwenye hizo njia.

Ninachoomba hakihitaji ekspresswei nyingine. Kila barabara ya jiji inayotengenezwa au kukarabatiwa kuanzia sasa, kandarasi isisainiwe kama njia ya miguu, mifuniko ya mitaro, zebra na taa havimo ndani. Na kabla haijasainiwa ramani ibandikwe kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, hata mwezi mmoja, iandikwe njia ya miguu itakuwa na upana gani, ili wamama, mafundi, watu wa boda na wenzetu wa viti vya magurudumu waione na waseme kama watapita. Barabara za Katwe zianze, tutakuja wengi kuangalia hiyo ramani.

Wako,
Mkazi wa Katwe, Makindye