Kwa Baba na Mama, kutoka kando ya mto Loire

Orléans, Ufaransa
Mwishoni mwa Juni

Wapendwa Baba na Mama,

Shikamooni. Natumaini barua hii itawakuta wazima, pamoja na Bibi, wadogo zangu na majirani wote hapo Tabora. Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila mapaja yananiuma kama nimetwanga mahindi ya harusi nzima, na sababu yake ndiyo habari niliyonayo leo.

Nilipata likizo kazini, na badala ya kulala nikaenda safari ya baiskeli. Mama, najua umeshaguna. Baba najua unataka kwanza kuisikia baiskeli yenyewe. Ni ya mtumba, fremu ya chuma, gia saba, keria imara nyuma yenye mikoba miwili ubavuni. Spoki nilizikaza mwenyewe na mnyororo nikautia mafuta kabla ya kutoka. Ungeikagua ukakosa la kusema, au ungesema tandiko liko juu mno, maana huwezi kukosa kabisa.

Nimesafiri na mama mmoja wa Kifaransa ninayefanya naye kazi. Ana miaka sitini na kitu na baiskeli yake ina betri. Kwenye mlima ananiacha nahema, nikifika juu namkuta anakula tufaha. Huku wazee wengi wanaendesha baiskeli za namna hiyo, mume na mke, kofia za plastiki vichwani. Wote wana magari nyumbani. Baiskeli wanaitoa kwa ajili ya raha.

Njia tuliyopita inaitwa La Loire à Vélo. Ina karibu kilomita 900, kuanzia karibu na mji wa Nevers hadi bahari ya Atlantiki, nasi tulishika kipande tu, kutoka hapa Orléans mpaka kupita kidogo mji wa Tours. Loire ndio mto mrefu kuliko yote Ufaransa, unapita kilomita 1,000, lakini kiangazi maji yanapungua mpaka michanga inatokeza katikati na ndege wanataga juu yake. Usidanganyike na upole huo. Kwenye kuta za nyumba za kando kuna alama za mahali maji yalipofika, na miaka imeandikwa: 1846, 1856, 1866. Nyingine ziko juu ya kichwa changu. Kwa sababu ya mafuriko watu wa huku wamejenga matuta ya udongo na mawe kwa karne nyingi, na sehemu ndefu ya njia yetu inapita juu ya tuta lenyewe. Upande mmoja mto, upande mwingine mashamba ya ngano, bustani za mboga na mizabibu. Hakuna lori la kukusukumia kwenye mchanga. Hakuna honi. Baba, nilikuwa nawaza vile unavyotoka Sikonge na gunia kwenye keria, basi likija nyuma yako inabidi uingie majanini. Nitakuwa mkweli: makasri ya wafalme nimeyatazama nikapita, ila hili tuta ndilo nililolionea wivu.

Watu huku ni wapole njiani. Mjini Orléans unaweza kupanda ngazi moja na jirani mwaka mzima asikusalimie, lakini juu ya tuta kila anayekutana nawe anasema bonjour. Mzee mmoja aliyekuwa anavua samaki aliniuliza kama natoka Eritrea. Nikashangaa, kumbe alikuwa na maana yake: Biniam Girmay, kijana wa Eritrea, alishinda hatua tatu za mashindano ya baiskeli ya Tour de France mwaka 2024 na akavaa jezi ya kijani ya mshindi wa pointi, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya mashindano yale. Nikamwambia natoka Tanzania, baba yangu ni fundi baiskeli. Akanivulia kofia.

Ufundi wako nao umenisaidia. Mwenzangu alipata pancha karibu na Blois, na alikuwa amebeba tyubu mpya, kwa kuwa huku wengi wanabadilisha tu. Nikamkatalia. Nikatafuta tundu kwa maji ya chupa, nikapiga msasa, nikapaka gundi, nikabandika kiraka, tukaendelea. Halafu mbele kidogo tukakuta nguzo ya chuma ya umma yenye pampu, bisibisi na spana zilizofungwa kwa waya, bure kwa yeyote. Najua swali lako. Hazijaibiwa, nami sijui kwa nini.

Jambo moja Mama halitakupendeza. Kiu ikitushika tulikuwa tunachota maji makaburini. Makaburi ya vijijini huku yana bomba la kumwagilia maua, na waendesha baiskeli wote wanalijua. Ukishaangalia kwamba hakuna kibao cha kukataza, unajaza chupa na kwenda. Mara ya kwanza nilisoma Fatiha pale getini kwanza, mwenzangu akanisubiri bila kuuliza.

Sasa makasri, maana mtaulizwa na majirani. Chambord lilianza kujengwa mwaka 1519 na Mfalme François wa Kwanza, katikati ya msitu. Lina vyumba zaidi ya 400 na meko 282, na ukuta wa kuzunguka msitu wake una kilomita 32. Katikati kuna ngazi mbili zilizojizungusha pamoja: anayepanda na anayeshuka wanaonana kwenye vidirisha lakini hawakutani. Tulicheza hapo kama watoto. Kila unapotazama dari na kuta kuna herufi F na mnyama wa alama yake, mfano wa mjusi anayetoa moto. Ukihesabu siku zote ambazo huyo mfalme alilala humo, hata miezi mitatu haitimii! Mawe yalifika kwa mashua hadi Saint-Dyé, kijiji cha mtoni, kisha yakavutwa kwa mikokoteni. Tulilala Saint-Dyé. Nilipapenda kuliko kasri.

Chenonceau limejengwa juu ya mto Cher wenyewe, ukumbi mrefu juu ya matao ya daraja. Vita vya kwanza vya dunia ukumbi huo ulikuwa hospitali ya majeruhi. Vita vya pili mto ulikuwa mpaka kati ya eneo la Wajerumani na lisilo lao, hivyo mlango wa mbele ulikuwa upande mmoja na wa nyuma upande mwingine, na watu wakapitishwa humo kutoroka. Jengo la starehe likafaa mara moja kwa jambo la maana.

Amboise ndipo nilipokaa zaidi. Hapo Mfalme Charles wa Nane alikufa mwaka 1498 akiwa na miaka 27, baada ya kugonga kichwa kwenye kizingiti cha mlango. Mama, mwambie Juma anayekataa kuinama mlango wa jikoni. Leonardo da Vinci naye alifia mji huu mwaka 1519, na watalii wanapanga foleni kuona kaburi lake. Lakini nyuma, kwenye bustani ya kasri, kuna mahali hapana foleni. Amir Abdelkader wa Algeria, aliyepigana na Wafaransa tangu 1832 na kujisalimisha 1847, aliahidiwa kupelekwa nchi ya Waislamu. Badala yake walimleta Ufaransa, wakamfungia humu Amboise kuanzia 1848 hadi 1852, yeye na familia yake na wafuasi wake. Baadhi yao hawakutoka, wakiwemo wanawake na watoto. Sasa wamewekewa mawe 25 yenye maandishi ya Kiarabu, kwenye nyasi juu ya mto. Sikutegemea kumkuta Mwafrika na Muislamu amelala ndani ya kasri la wafalme wa Ufaransa. Niliketi hapo mpaka mlinzi akaja kufunga. Maghrib yenyewe iliingia karibu saa nne usiku, ndivyo jua la Juni lilivyo huku, nikaswali kando ya hema.

Villandry, mwisho wa safari yetu, ni bustani. Kabichi, vitunguu na biringanya zimepandwa kwa mistari na miraba kama zulia la kifahari. Mama ungetembea humo siku nzima ukitafuta magugu.

Kuna kitu kingine, nacho ndicho kilichonifanya niandike badala ya kupiga simu. Karibu kila kijiji tulichopita, hata kile cha nyumba chache na kanisa, kina mnara wa waliokufa vita vya 1914 hadi 1918. Majina yamechongwa kwenye jiwe, moja moja. Mahali pengine ukoo mmoja una majina matatu. Nilikuwa nasimama kuyasoma, mwenzangu akaniuliza kama kwetu vita hivyo vilifika. Nikamwambia vilifika hasa: Wabelgiji waliiteka Tabora Septemba 1916, na Babu alikuwa akituambia kwamba yeye akiwa mchanga mgongoni, baba yake alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi kuelekea Mahenge na hakurudi. Nikamweleza pia kuhusu sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, inayowataja wapagazi kwa jumla. Akaniuliza huyo mzee wenu aliitwa nani. Baba, sikuweza kujibu. Sisi tumekuwa tunamwita Babu Mkubwa tu.

Naomba umuulize Shangazi wa Urambo kabla kumbukumbu haijamchoka zaidi. Jina lake, jina la baba yake, na kijiji alichochukuliwa. Uandike kwenye daftari lile la mahesabu ya karakana, na mimi unitumie picha ya ukurasa.

Fedha za mabati nimemtumia Salum kwenye simu, ahakikishe ni ya geji nzito na risiti abaki nayo. Viraka vya kujibandika bila gundi nimekununulia pakiti mbili uvijaribu, ingawa mimi sina imani navyo. Nitapiga Ijumaa baada ya swala, mkae karibu na simu.

Wasalimieni wote.

Ni mimi binti yenu,
Zuhura