Wafanyakazi wa migodini waachwe waishi na familia zao

Mhariri, naomba kanafasi nami niseme langu kuhusu hili suala la wafanyakazi wa migodini kuishi kempu (kambi ya mgodi), maana huku Kanda ya Ziwa limeshakuwa jambo la kawaida na hakuna anayehoji.

Mtu anaingia na rosta yake wiki kadhaa, analala kempu, anakula mesi, shifti masaa 12, akimaliza anapakiwa kwenye basi moja kwa moja mpaka Mwanza, watoto wanamjua kwa simu tu. Na sisi tulioko nje ya geti tunapata nini? Asubuhi mama wa vitumbua keshajipanga njia panda, mabasi yanapita vioo vimefungwa, anaishia kuwauzia vijana wa bodaboda, tena kwa mkopo.

Mwadui, kule kwenye mgodi wa almasi Shinyanga, haikuwa hivi jamani. Almasi ilianza kuchimbwa pale 1940 enzi za Williamson, mzungu aliyeuanzisha mgodi, na ukajengwa mji kabisa, nyumba za familia, shule, hospitali, hadi timu ya mpira iliyocheza Ligi Kuu mpaka 2021. Sisemi palikuwa peponi, ulinzi ulikuwa mkali na kila kitu kiko mikononi mwa mgodi, lakini mtu alitoka shifti akalala kwake, akamkagua mtoto madaftari, jirani akifiwa yupo msibani.

Ila mimi sitaki turudi kwenye nyumba za mgodi ndani ya fensi, kwa sababu kazi ikiisha na nyumba imeisha. Tumeona 2017 makinikia (mchanga wenye madini) yalipozuiwa kusafirishwa nje, mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu ukapunguza kazi na watu kibao wakarudi nyumbani, halafu mgodi wa Buzwagi nao ukafunga 2021. Mfanyakazi apewe posho ya nyumba, ajenge au apange Kahama, Geita au popote penye mji wa kweli, basi la mgodi limfuate huko asubuhi na kumrudisha jioni, mgodi ukifungwa nyumba inabaki yake na mkewe duka lake lipo.

Na wa kontrakta wasisahaulike, wapishi, walinzi, madereva, hawa ndo wengi wanatoka vijijini kwetu na kila likija jambo zuri wanaambiwa nyie sio wa kampuni.

Halmashauri zinapokaa na migodi kupanga zile hela za CSR, yaani za mgodi kusaidia jamii inayouzunguka, zisiishie kwenye madarasa na madawati tu, ziweke na viwanja vilivyopimwa vyenye maji na umeme ambavyo mfanyakazi anaweza kukatwa kidogo kidogo kwenye mshahara.

Msomaji wako,
Kahama