Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha taarifa ya kazi za chama kwa mwaka huu. Mapato na matumizi atayasoma Mhazini, na habari za kiwanja zimo kwenye taarifa ya Katibu. Mimi nitazungumzia wadogo zetu waliomaliza chuo na bado wako mtaani, maana huko ndiko nguvu ya chama ilikoelekea.

Mwaka ulianza na vuguvugu la ajira za Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA. Mamlaka ilitangaza nafasi 1,596, waombaji wakafika 135,027. Ukigawanya, ni watu zaidi ya 80 wanaokodolea macho kiti kimoja. Mchujo ulifanyika Machi 29 na 30, na vijana wetu waliokwenda walirudi kimya. Wenye umri wangu wanakumbuka mwaka 2014, Idara ya Uhamiaji ilipojaza Uwanja wa Taifa watu zaidi ya 10,000 kwa nafasi 70. Nayataja haya kwa ajili ya wale wazee wa chama hiki, mnajijua, ambao bado mnawaambia vijana kwamba hawajajituma. Sisi wengine tulipangiwa vituo kwa barua tukiwa hata hatujavua joho.

Kamati ya Ajira iliacha semina za ukumbini. Tulizifanya miaka iliyopita, mgeni rasmi akahutubia, fulana zikagawiwa, wali ukaliwa, na Jumatatu yake kijana akabaki palepale. Badala yake tulifungua meza ya nyaraka kila Jumamosi ofisini kwetu. Kijana anakuja na bahasha yake, anakaa na mwanachama mmoja, wanapitia karatasi moja baada ya nyingine.

Tuliyoyakuta kwenye bahasha hizo yametufundisha zaidi ya semina zote. Binti mmoja cheti cha kuzaliwa kinasema Mariamu, cha kidato cha nne kinasema Mariam, na kitambulisho cha taifa cha NIDA kimeongeza jina la babu ambalo halipo kwingine kokote. Ana shahada nzuri, lakini mfumo hauangalii sura, unaangalia herufi. Wakili ambaye ni mwanachama wetu alimsaidia kuandaa hati ya kubadili jina bila kumtoza, na namshukuru mbele yenu. Wengine walikuwa wakipandisha kwenye Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa kuombea kazi za serikali, karatasi za matokeo badala ya vyeti kamili, ilhali matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanasema wazi kwamba karatasi hizo hazipokelewi. Tangazo ni refu na mara nyingi liko kwa Kiingereza. Watu husoma jina la kazi na tarehe ya mwisho, basi.

Kubwa kuliko yote ni la stesheneri. Vijana wengi walifunguliwa akaunti ya Ajira Portal na mhudumu wa stesheneri, kwa barua pepe ya mhudumu na nywila anayoijua yeye. Mhudumu akihama mtaa, kijana hana tena mlango wa kuingilia. Hajui kama ameitwa kwenye usaili, hawezi hata kubadilisha namba ya simu. Zilituchukua Jumamosi nyingi kuyafungua mafundo hayo, na nawaomba kila mwenye mtoto au mdogo nyumbani amuulize swali moja tu: nywila ya akaunti yako unayo wewe?

Jambo la kanzidata, yaani orodha ya akiba ya Sekretarieti ya Ajira, nalo halifahamiki vya kutosha. Aliyefaulu mahojiano akakosa nafasi huweza kuwekwa humo na kupangiwa kituo baadaye, na majina hutoka kwenye tangazo la kuitwa kazini. Dada mmoja alikuwa ameshakata tamaa na kuanza kuuza vitenge; jina lake aliliona mwanachama wetu aliyekuwa akimtafutia mpwa wake, akampigia simu usiku. Zilikuwa zimebaki siku chache za kuripoti. Tangu hapo kamati inapokezana kusoma kila tangazo linapotoka.

Usaili wa mazoezi tuliufanya pia, jopo la watu watatu, meza, na uso wa kutocheka. Kijana anayeeleza vizuri kabisa jinsi alivyosimamia ghala wakati wa mafunzo kwa vitendo, akiulizwa hilohilo kwa Kiingereza anajibu sentensi mbili na kunyamaza. Wajumbe wa jopo walitaka tuanzishe darasa la Kiingereza. Mimi sikubaliani sana. Tatizo ni kukosa mazoezi ya kujieleza, na hata kwa Kiswahili wengi huanza na jina la shule ya msingi. Tuongeze majopo kwanza.

Sasa niseme la kutuuma sisi wenyewe. Baadhi ya wanachama wenye ofisi na kampuni walipokea vijana wetu wa kujitolea. Ahsanteni. Lakini wapo vijana walioshinda mwaka mzima wakifanya kazi ya mtu kamili bila nauli wala chakula cha mchana, na walipoomba barua ya kuthibitisha uzoefu wakazungushwa. Kijana anayetembea kwa miguu kuja kufungua ofisi yako si wa kujitolea tena. Kamati imependekeza mkataba wa ukurasa mmoja: muda unaojulikana, nauli, msimamizi, na barua siku ya mwisho. Asiyeweza hayo asiletewe mtu.

Matapeli hawakupumzika. Ujumbe wa “lipia fomu upangiwe kazi” ulizunguka kwenye magrupu, na familia moja iliuza mbuzi. Ajira Portal haitozi chochote. Kwa kazi za Uarabuni, uliza leseni ya wakala kabla hujatoa hata nakala ya pasipoti.

Kuhusu kujiajiri sina mengi. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ipo, nne zikiwa za vijana, lakini inakwenda kwa vikundi vilivyosajiliwa, na vikundi vya watu waliokutana kwa ajili ya mkopo tumeona vinavyovunjika. Kikundi cha ufugaji wa kuku kilichotujia mwaka huu kilikuwa kinafanya kazi pamoja tayari. Hicho tulikiandikia barua ya utambulisho.

Waliopata kazi, karibuni ukubwani. Mliosoma kwa mkopo, msishtuke mkiona Bodi ya Mikopo imekata asilimia 15 kwenye mshahara, na ada ya chama msiisahau.

Naomba mkutano uamue mambo mawili leo: mkataba wa wanaojitolea, na kutenga sehemu ya ada iwe mfuko wa nauli za usaili, kwa kuwa wapo walioitwa wakashindwa kufika kwa kukosa pesa ya basi. Rasimu zote mbili ziko mikononi mwenu. Daftari la kujiandikisha zamu za Jumamosi liko kwa Katibu Msaidizi, na zamu za Januari bado ziko wazi.

Mwenyekiti