Muuza manukato, mwache mteja anuse kwanza

Mhariri,

Watengenezaji wadogo wa manukato, Mombasa hata Unguja, hupoteza wateja kwa pupa ya kuuza. Manukato ya spiriti yakipuliziwa, dakika 15 hivi za mwanzo hutawaliwa na harufu nyepesi, kama za limau na machungwa. Udi, sandali na miski hujitokeza baadaye. Anayelipia ile harufu ya mwanzo hujuta akifika nyumbani. Mpeni kichupa cha mililita 1 aondoke nacho, ajipake, akae nacho kutwa. Dukani asijaribishwe zaidi ya aina tatu, pua huchoka (na zile buni za kahawa za kunusa, eti zipumzishe pua, ni mapambo tu).

Andikeni kila mchanganyiko daftarini kwa gramu, si kwa matone: tone la udi mzito halilingani na la limau. Mteja akirudi akakuta harufu nyingine, mmempoteza. Mafuta asilia hubadilika kwa mavuno, basi aambiwe kabla hajalipa. Mwenye kanzu nyeupe aelezwe kuwa mafuta huacha doa, apake ngozini. Na chupa iliyoanikwa juani dirishani, msimuuzie mtu.

Mtengeneza manukato,
Mombasa