Somo, njoo na filimbi yako

Mtwara, Jumapili jioni

Somo yangu,

Salaam sana. Mimi mzima, ila magoti yananisema, na sababu yake utaikuta humuhumu. Ujumbe wako niliuona, lakini mambo yenyewe hayaenei kwenye simu. Nimeona nikae chini niandike. Kuna mtu wa hapa chuoni anakuja huko Ruangwa keshokutwa, atakuletea.

Unaukumbuka uwanja wetu wa mchanga nyuma ya mabweni? Haupo tena. Pale tulipokuwa tunachora mistari kwa majivu ya jikoni umesimama ukumbi wa michezo, mrefu, bati la bluu, milango ya vioo. Tangu waanze kuchimba msingi nilikuwa nachungulia kutoka dirisha la maktaba kila nikinywa chai, na sikuamini kuwa utaisha. Umekwisha. Hata hivyo, misumari ya upande unaotazama baharini imeshaanza kutoa kutu. Chumvi ya Mtwara haimjui mkandarasi.

Ngoja nikuingize ndani. Mkono wa kulia kuna chumba cha vyuma, na mashine nne za kukimbilia zimepangwa zikitazama ukuta. Siku ya ufunguzi mgeni alimtaja Alphonce Simbu, kwamba mwaka 2025 kule Tokyo alichukua dhahabu ya marathoni na kuwa Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha. Tukapiga makofi mpaka mikono ikauma. Moyoni nikawa najiuliza kama Simbu angekubali kukimbia akitazama rangi ya ukuta, na barabara ya Shangani iko palepale na upepo wa bure. Lakini vijana wanazipenda hizo mashine, wanapangiana foleni na kupigana picha. Mimi nani?

Sasa njoo kwenye ukumbi wenyewe, maana ndipo nilipotaka kukufikisha. Sakafu haina hata chembe ya mchanga. Wamechora michezo mitatu mmoja juu ya mwingine: wavu kwa njano, kikapu kwa nyeupe, na mpira wetu wa pete kwa nyekundu. Wetu unataka mita 30.5 kwa 15.25, kikapu ni 28 kwa 15, kwa hiyo mstari wetu unawazunguka hao kwa nje pande zote. Nilifurahi kama vile nimeshinda kesi ya shamba. Na pete, Somo! Zimenyooka, mita 3.05 kutoka chini, zina nyavu. Nikakumbuka zetu, nondo iliyokunjwa na kuchomelewa juu ya bomba, ile ya upande wa mwembe imeinama mpaka wageni wakadhani tumeitega makusudi. Nikakukumbuka na wewe, msimu wa kusi, umesimama na mpira juu unasubiri upepo utulie, huku mwamuzi ameshamaliza zile sekunde tatu za kushika mpira na filimbi iko mdomoni. Mle ndani hakuna kusi wala kaskazi. Ungefunga usingizini.

Furaha yangu ilidumu mpaka nilipoisoma ratiba mlangoni. Jioni zote, wanaume: kikapu, wavu, kikapu tena, vyuma. Wanawake, Jumamosi saa nane mchana. Saa nane, Somo, chini ya bati! Siku yenyewe ni ya kufua na kwenda sokoni. Nikaenda ofisi ya michezo. Bwana mmoja, mstaarabu tu, akanijibu kwamba walijaribu, dada, lakini wanawake hawaji. Nikamwambia hata mimi saa nane nisingekuja. Akacheka, akaandika kwenye daftari, nami nikajua hilo daftari ni kaburi. Nikarudi kesho yake, na keshokutwa, mpaka akawa akiniona kwa mbali anainuka. Wiki ya tatu akachoka yeye. Tumepewa Jumanne na Alhamisi, saa kumi mpaka kumi na moja na nusu, ili mwenye kuswali magharibi awahi kuoga.

Nilikuwa nang'ang'ania hivyo kwa sababu moja. Madirisha ya ukumbi yako juu kabisa, karibu na paa. Unakumbuka kwenye mchanga tulivyokuwa na kamati nzima ya wanaume imekaa ukutani, inatoa maoni juu ya kila anayeruka? Wewe ulikuwa unawajibu, na majibu yako mengine siwezi kuyaandika hapa. Lakini wangapi waliondoka kimyakimya, wasirudi? Sasa tukifunga mlango hatuonani na mtu. Mwenye mtandio anaufunga vizuri anaruka, asiyetaka anauvua, na mimi na mwili wangu huu wa kukaa maktabani naruka pia. Magoti ndiyo hayo.

Siku ya kwanza tulikuwa wanne, mmoja ni dada anayefagia ukumbi, akaweka ufagio pembeni akasema alikuwa WD, mlinzi wa pembeni, shuleni. Anazuia yule, usiombe. Alhamisi iliyopita tulifika kumi na mmoja. Timu inataka saba, kwa hiyo upande mmoja bado tunauazima watu wa kufikirika. Kuna binti wa Tandahimba, mrefu kama mnazi, mikono mizuri, lakini akiukaribia mduara wa kufungia anarusha kama anayetupa korosho guniani. Huyo sina la kumfundisha. Mimi nilikuwa C, mchezaji wa kati, kazi yangu ilikuwa kukuletea wewe mpira. Anahitaji mtu wa kumwonyesha namna ya kutulia.

Najua utaanza: Ruangwa tuna uwanja wa Majaliwa, tuna Namungo yetu Ligi Kuu, Mtwara mna nini tangu Ndanda yenu ishuke daraja? Sema yote, nimezoea. Ila shule zikifunga usikae huko unasahihisha daftari. Panda gari mpaka Nanganga, pale utaunga yale ya Masasi yanayoteremka Mtwara. Utalala kwangu. Yule mama wa viazi vya ming'oko bado yupo getini, pilipili yake ni ileile, na anakuulizia.

Kitu kimoja hakijanikaa sawa. Watoto wa mtaani waliokuwa wanacheza chandimu kwenye mchanga wetu sasa wako nje ya uzio, wanacheza barabarani, bodaboda zinawapigia honi. Nimelitaja kwa bwana wa daftari. Ameinuka kabla sijamaliza.

Filimbi yako ya chuma usiisahau, hizi za plastiki zinalia kama kuku. Na nijulishe siku mapema nikakuandikishe jina kwa mlinzi. Siku hizi bila jina huingii, hata ukimwambia kwamba chini ya hiyo sakafu kuna mchanga wako.

Ni mimi,
Somo yako