Harambee ya karo kwa ukumbusho wa kijana wetu aliyeuawa Sangin

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Jumapili inayotangulia sikukuu ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani, ile ya Jumatatu ya mwisho wa Mei, tutafanya harambee hapa kanisani mara tu baada ya ibada. Tunatafuta dola 20,000. Zote zitaingia katika mfuko wa karo kwa vijana wetu wanaotaka kusomea ufundi, na mfuko huo tunauanzisha kwa kumbukumbu ya kijana wa kanisa hili aliyeuawa Sangin, Afghanistan, mwaka 2010 akiwa askari wa Marine, tawi mojawapo la jeshi la Marekani, umri wake miaka 20. Mama yake ameridhia, ila ameomba jina la mwanawe lisisambazwe mitandaoni. Ninyi mliomlea mnalijua.

Waliojiunga nasi miaka ya karibuni hawakumwona. Alikuwa mtu wa nyaya. Vipaza sauti vikianza kukoroma katikati ya mahubiri, wazee waligeuza shingo kumtafuta, kumbe yeye ameshapiga magoti nyuma ya kinanda, bisibisi kaiuma menoni, anapapasa waya mmoja mmoja mpaka aufikie uliolegea. Alitaka kusomea umeme. Nyumbani karo haikuwepo. Mama yake alikuwa akifanya zamu za usiku akiwahudumia wazee, na nyuma yake walikuwa wasichana wawili wadogo. Jeshi la Marekani humlipia masomo anayelitumikia, basi alipomaliza sekondari akajiandikisha na kumwambia mama asihangaike tena. Akapita wiki 13 za mafunzo kule Parris Island, South Carolina. Tulimwona likizo moja na ile sare ya buluu, kisha hatukumwona tena.

Sangin ni wilaya ya mkoa wa Helmand. Batalioni moja tu ya Marine, ya tatu katika rejimenti ya 5, ilipoteza askari 25 katika zamu yake ya 2010 hadi 2011. Mabomu yalifukiwa vichochoroni, kwenye kuta za udongo, kando ya mifereji ya mashamba. Askari walikwenda mmoja nyuma ya mwingine, kila mguu ukikanyaga alipokanyaga wa mbele, na aliyetangulia ameshika chombo cha kupekulia ardhi. Siku ile aliyetangulia alikuwa yeye.

Alikwenda vitani akiwa bado si raia wa Marekani. Uraia ulimfuata kaburini, baada ya familia kuuomba, kama alivyopewa José Antonio Gutierrez, mzaliwa wa Guatemala, askari wa Marine aliyeuawa karibu na Umm Qasr, Iraq, Machi 2003. Hati hiyo mama ameitundika sebuleni, chini ya bendera aliyokabidhiwa siku ya mazishi ikiwa imekunjwa pembetatu.

Wapo waliouliza kama serikali haikulipa. Ililipa. Familia ya askari aliyefia kazini hupewa dola 100,000, na jiwe la kaburi ni la serikali. Kwa hiyo hizi si rambirambi, na mama huyu hajamwomba mtu hata senti. Yeye ndiye aliyefungua mfuko kwa dola 1,000 zake. Lakini karo aliyoiendea mwanawe hakuitumia hata siku moja. Msaada wa masomo uliowekwa kisheria kwa ajili ya askari waliouawa huwaendea mjane na watoto, naye hakuwa na mke wala mtoto. Dada zake walisoma kwa mikopo.

Sasa tuna vijana wanne waliosimama pale pale aliposimama yeye: sekondari wamemaliza, akili wanayo, ada hawana. Wakichagua jeshi kwa kulipenda, tutawaombea na kuwasindikiza. Ila isiwe kwamba wamelichagua kwa sababu kanisa zima lilishindwa kuchanga karo ya fundi umeme. Hilo linaniuma, na nalisema wazi.

Najua tumegawanyika kuhusu vita ile, na wapo kati yetu waliokimbia vita vyao wenyewe. Waafghani wengi nao walizika watoto wao. Siku hiyo tutawaombea pia, na hakuna atakayeulizwa msimamo wake kabla ya kutoa.

Kamati ya karo inaongozwa na mweka hazina pamoja na mmoja wa wale dada. Karo italipwa moja kwa moja chuoni, haitapitia mkononi mwa mtu, na hesabu zitasomwa mbele ya kanisa kila baada ya miezi mitatu. Anayependa kuahidi na kulipa polepole achukue kadi ya ahadi kwa mashemasi. Vikundi vya akina mama na akina baba vimeshaombwa kuja na mchango wa pamoja. Vijana, nanyi msiachwe nyuma, hata dola 5 itaandikwa. Walio mbali watume hundi kwa jina la kanisa na kuandika "mfuko wa karo" kwenye mstari wa maelezo, ili isichanganywe na sadaka. Risiti ya kodi utapewa.